AC inawaka, chumba kinanuka: unyevu huu unatoka wapi?

Masika yakishaingia Pwani, malalamiko huwa yale yale, iwe Tanga, Dar es Salaam, Unguja au Mombasa. Kiyoyozi kinawaka usiku kucha, chumba kimepoa hadi watu wanajifunika blanketi, lakini viatu vya ngozi vimeota ukungu, nguo za kabatini zinanuka uvundo, na ukuta ulio nyuma ya kabati umejaa madoadoa meusi. Majibu nayo huwa yale yale: mwite fundi aongeze gesi, fungua madirisha chumba kipate hewa, shusha rimoti hadi 16, paka rangi mpya, choma udi. Mengi kati ya hayo hayasaidii kitu. Mawili, yaani kufungua madirisha na kushusha rimoti, mara nyingi ndiyo yanayolowesha chumba.

Tunajichanganya kwa kudhani kwamba hewa ikishakuwa baridi, basi imekauka pia. Baridi na ukavu ni mambo mawili, na mashine moja inaweza kukupa la kwanza ikakunyima la pili.

Tuanze na maneno yenyewe. Unyevu wa hewa ni maji yaliyomo hewani yakiwa mvuke usioonekana. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, yenye baridi hubeba kidogo. Hewa ya nyuzi 30 ikishiba kabisa huwa na gramu 30 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 20 hushiba kwa gramu 17 tu. Ile asilimia inayotajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa hueleza hewa imekaribia kushiba kiasi gani kwa joto la wakati huo. Ndiyo maana ukiipoza hewa bila kuitoa maji, asilimia inapanda hata kama hakuna tone lililoongezeka.

Ukiendelea kuipoza, hufika mahali hewa ikashindwa kushika maji yake, ikaanza kuyaacha juu ya chochote kilicho baridi. Joto hilo huitwa kiwango cha umande. Kila mtu ameliona jambo hili: chupa ya soda ikitoka kwenye friji ikawekwa mezani, inatoka jasho. Maji yale hayakuvuja kutoka ndani ya chupa, yametoka hewani.

Sasa chukua siku ya joto Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hali isiyo ya ajabu hata kidogo kwa Machi au Aprili. Kiwango cha umande cha hewa hiyo ni nyuzi 25 hivi. Maana yake, kitu chochote nyumbani kilichopoa chini ya nyuzi 25, hewa ya nje ikikifikia, kitalowa. Ukuta utalowa, vigae vitalowa, kioo cha dirisha, upande wa chini wa godoro, mkoba wa ngozi uliotundikwa nyuma ya mlango. Mara nyingi hutaona matone. Utahisi tu kwamba shuka ina ubichi fulani. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Sehemu ikikaa mbichi siku moja au mbili, vijimbegu vyake, ambavyo vimo hewani kila mahali, vinaanza kuota.

Kazi ya AC ilivyoanza

Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba kiyoyozi cha kisasa kilibuniwa kwanza kwa ajili ya unyevu. Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani aitwaye Willis Carrier, akiwa na umri wa miaka 25, alipewa shida ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Wakati wa kiangazi karatasi zilinyonya unyevu zikatanuka, na kwa kuwa kila rangi ilichapwa kwa zamu yake, rangi ya pili haikukaa sawasawa juu ya ya kwanza. Carrier alipitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili iache maji yake. Ubaridi wa kustarehesha watu ulikuja kupewa uzito baadaye.

AC ya ukutani inafanya jambo hilo hilo. Ndani ya kipande cha ndani kuna koili, yaani mabomba yenye mapezi membamba ya bati, yanayopoa sana kuliko chumba. Feni inavuta hewa ya chumba na kuipitisha hapo. Hewa inapoa, maji yanajitokeza juu ya mapezi kama jasho, yanadondoka kwenye trei, kisha yanatoka nje kwa bomba dogo. Maji unayoyaona yakidondoka kwenye ukuta wa jirani ndiyo unyevu wa chumba chako.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: weka ndoo chini ya bomba hilo. AC ya 12,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) ikifanya kazi mfululizo siku ya unyevu mwingi inaweza kutoa lita moja kwa saa au hata zaidi. Ndoo ikijaa, mashine inakausha. Ikiwa umewasha usiku mzima katikati ya masika na asubuhi ndoo ina vijiko vichache, ama koili haipoi vya kutosha, ama mashine inazimika kabla haijafanya kazi, ama njia ya maji imeziba nayo yanaishia mahali pengine, pengine ndani ya ukuta. (Maji hayo yanafaa kumwagilia maua au kudeki. Si ya kunywa: yamepita kwenye bati, vumbi na utelezi wa trei.)

Baridi bila ukavu

Mashine isiyo mbovu inawezaje kupoza chumba bila kukikausha? Sababu ya kwanza ni ukubwa. Dukani utaambiwa chukua kubwa, itapoza haraka. Kweli itapoza haraka, na hapo ndipo penye tatizo. Koili inahitaji dakika kadhaa za kazi mfululizo mpaka ilowe vizuri na maji yaanze kutiririka kwenda kwenye trei. AC ya 24,000 BTU ikifungwa kwenye chumba cha kulala cha kawaida, hufikia joto uliloomba kwa dakika chache, kompresa (pampu inayosukuma gesi) inazimika, na maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani. Inawaka tena, inazimika tena. Unapata chumba chenye baridi ya kunata, ile inayomfanya mtu ahisi anahitaji kushusha rimoti zaidi. AC ndogo inayofanya kazi kwa muda mrefu hukausha vizuri kuliko kubwa inayokimbia na kusimama. Mashine za inveta zina nafuu kwa sababu kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzimika, lakini nazo zikiwa kubwa kupita kiasi hazikaushi ipasavyo.

Sababu ya pili ni feni. Ukiiweka izunguke kwa nguvu muda wote hata kompresa inapopumzika, inapuliza maji ya kwenye koili na kuyarudisha chumbani. Iache kwenye mpangilio wa kujirekebisha yenyewe. Na ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, ambayo wengi hawajawahi kuibonyeza, ni mpangilio wa kukausha: feni inakwenda polepole, hewa inakaa muda mrefu zaidi juu ya koili, maji yanatoka mengi kwa ubaridi mdogo. Inafaa sana siku za mvua ambazo joto si kali ila kila kitu kinanata. Siku ya jua la saa nane mchana haitakutosha.

Halafu kuna rimoti ya 16. Tuseme ukweli, chumba kilichozibwa vizuri kikipozwa hadi 16, hewa yake inakauka. Ila vyumba vyetu havijazibwa. Madirisha ya nako hayafungi kabisa, mlango umeachana na sakafu kwa vidole viwili, siling bodi ina tundu la taa. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za ujazo 45 hivi za hewa. Hewa yote hiyo ikibadilishana na ya nje mara moja kwa saa, inaingiza karibu nusu lita ya maji ya ziada kila saa, nayo inakuta kuta zenye ubaridi wa nyuzi 16 au 18 zikiisubiri. Ukiweka 25 au 26 pamoja na feni ya kawaida ya dari, utalala vizuri, ukuta utabaki karibu na kiwango cha umande au juu yake, na bili ya umeme itakushukuru.

Dirisha la asubuhi

Hili ndilo linalobishaniwa kuliko yote, maana linapingana na tulivyolelewa. Asubuhi tunazima AC na kufungua madirisha yote ili chumba kipumue. Hewa ya nje saa moja asubuhi wakati wa masika ina unyevu unaopita asilimia 80 kwa urahisi. Inaingia chumba ambacho sakafu, kuta, godoro na nguo vimepozwa usiku kucha. Vyote vinatoka jasho kimyakimya. Saa nne vimepata joto, jasho limekauka juu juu, lakini nyuma ya kabati, ambako hewa haipiti, ubichi umebaki. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja uone.

Ushauri wa kufungua madirisha ili kuondoa unyevu umejaa mtandaoni na si wa uongo. Ni wa nchi za baridi. Uingereza wakati wa Januari hewa ya nje ina maji machache sana. Ikiingia ndani ikapashwa moto, inakuwa kavu na kuondoka na unyevu wa jikoni na bafuni. Dar es Salaam mambo yamegeuka: ile hewa ya nyuzi 30 na asilimia 75 ina gramu 23 za maji kwa kila mita ya ujazo, na chumba kilichopozwa vizuri hadi nyuzi 24 na asilimia 55 kina 12 tu. Ukifungua dirisha unaingiza maji. Ndugu zetu wa Maskati wanalijua hili vizuri zaidi, maana majira ya joto kule hufungui dirisha hata kwa bahati mbaya. Mtu wa Dodoma au Nairobi anaweza kuendelea kufungua bila wasiwasi.

Hii haimaanishi nyumba ifungwe mwaka mzima. Inamaanisha uchague. Ama nyumba inaishi kwa upepo, madirisha wazi, feni zikizunguka, na kuta zikiwa na joto sawa na la nje, kama nyumba za Pwani zilivyoishi kwa karne nyingi. Ama chumba kinaishi kwa AC na kinafungwa. Kinachoharibu ni kuchanganya vyote viwili ndani ya siku moja. Ukitaka kufungua, zima AC, acha chumba kipate joto kwa saa moja au mbili, kisha fungua mchana jua likiwa kali na upepo wa kusi ukivuma.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza maajabu mengine: kwa nini ukungu unaota ukumbini wakati AC iko chumbani. Ukuta unaotenganisha vyumba hivyo umepozwa upande mmoja, na upande wa pili unakutana na hewa ya ukumbi ambayo haijakaushwa. Unalowa upande wa ukumbi. Watu huita fundi bomba, anachimba ukuta akitafuta bomba lililopasuka, halipo.

Harufu inayotoka kwenye mashine

Ikiwa harufu inakuja ile dakika AC inapowashwa, kama soksi zilizolowa, kisha inapungua, basi chanzo ni kipande cha ndani. Koili ina giza, ina maji, na ina vumbi lenye chembe za ngozi na mafuta ya kupikia. Bakteria na kuvu wanaishi humo kwa raha. Kuosha filta, ambako unaweza kujifanyia mwenyewe kila wiki mbili au tatu, kunazuia vumbi jipya lakini hakusafishi koili. Fundi akija kufanya sevisi, hakikisha anafungua kava la ndani, anaosha koili, trei na lile gurudumu la feni refu kama silinda, na anasukuma maji kwenye bomba la kutolea hadi yatoke safi. Akiosha kipande cha nje tu kwa pampu na kupuliza filta, umelipia nusu ya kazi.

Harufu ya choo ni habari nyingine. Angalia bomba la maji ya AC linaishia wapi. Baadhi ya mafundi huliingiza moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu la bafuni, bila kona ya maji ya kuzuia hewa ya mtaro. AC ikizimwa siku kadhaa, hewa ya mtaro inapanda hadi chumbani. Dawa yake ni kulitoa bomba humo, si manukato.

Na gesi? Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kulipa leo ili ulipe tena mwakani. Gesi ikipungua, koili inaweza kuganda barafu, na barafu ikiyeyuka inamwaga maji chumbani, kwa hiyo uhusiano na unyevu upo. Lakini barafu hiyo hiyo huletwa pia na filta iliyoziba, na hilo ni jambo la kuangalia kwanza kwa kuwa ni bure.

"Fangasi" za ukutani

Mafundi rangi Tanzania huita kila kitu kinachobandua rangi kuwa ni fangasi. Sehemu kubwa ya fangasi hizo ni chumvi. Zile chembe nyeupe zinazofumuka sehemu ya chini ya ukuta, kuanzia sakafuni hadi usawa wa mapaja hivi, hazioti wala hazina uhai. Maji ya ardhini yanapanda kupitia tofali, yanabeba chumvi, yanakauka juu ya ukuta na kuiacha hapo. Ukitumia mchanga wa baharini usiooshwa, chumvi imo tayari tangu siku ya ujenzi. Pangusa kwa kitambaa chenye maji: chumvi inayeyuka, ukungu unabaki doa.

Tofauti ni muhimu kwa sababu dawa ya kuua kuvu haifanyi lolote kwa chumvi. Tena chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, ndiyo maana ukuta wa namna hiyo hulowa siku za masika hata pasipo mvua kuugusa. AC haitauponya. Unahitaji kuzuia maji yanayopanda kutoka kwenye msingi, kisha kubandua lipu iliyojaa chumvi na kupiga upya. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe na Lamu, ziliachiwa zipumue. Zikipigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta, maji yananaswa ndani ya ukuta na kutafuta njia chumbani.

Maji tunayoyaleta wenyewe

Mengine yanatoka kwetu. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Kanga na mataulo yaliyoanikwa chumbani yanaacha maji yake yote hewani, na AC inalipia umeme kuyakamua tena. Kabati lisibanwe ukutani; vidole vinne vya nafasi vinatosha hewa kupita. Nguo iliyovaliwa mara moja isirudi kabatini na jasho lake.

Udi na ubani hufunika harufu vizuri, na sitamshauri mtu yeyote wa Pwani aache kufukiza. Unyevu tu ndio hauondoki. Mkaa kwenye kabati unapunguza harufu kidogo. Vile vikopo vya kloridi ya kalsiamu vinavyojaa maji vinanyonya kweli, lakini kwa kabati lililofungwa. Kwa chumba kizima ni kupoteza fedha. Vidonge vya naftalini vya kuzuia nondo havihusiani na unyevu kabisa, na visiwekwe karibu na nguo za mtoto mchanga: vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu kwetu.

Ukungu uliokwisha kuota kwenye kigae unaondoka kwa jiki iliyochanganywa na maji. Kwenye lipu au mbao jiki inafifisha rangi, mizizi inabaki; sugua kwa maji ya sabuni, kausha kabisa, na kama siling bodi imeoza ibadilishe. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo, gesi ya klorini inayotoka hapo inaumiza mapafu. Rangi mpya juu ya ukungu ulio hai itadumu hadi masika yajayo. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu, usichukulie jambo hili kama la urembo wa ukuta: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa majumbani na pumu na matatizo mengine ya kupumua.

Kabla ya kununua chochote kikubwa, nunua kipima unyevu, kidogo cha kidijitali. Kwanza kijaribu: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo, ilowanishe kidogo iwe kama uji mzito, ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa hadi kesho yake. Kinapaswa kusoma asilimia 75 hivi. Kikisoma 70, ujue daima kinapunguza tano. Kisha kiweke chumbani, siku nyingine nyuma ya kabati. Chini ya asilimia 60 ukungu unapata shida kuota. Kikikaa juu ya 70 siku nzima ingawa koili ni safi, ndoo inajaa na dirisha limefungwa, hapo ndipo mashine ya kukausha hewa inapostahili fedha yake, hasa kwa stoo, chumba cha vitabu au nyumba inayofungwa miezi kadhaa. Inatoa joto, kwa hiyo usiiweke chumba cha kulala ukitarajia ubaridi. Unaposafiri, acha milango ya makabati wazi, sogeza magodoro yaachane na ukuta, na usiache AC kwenye 18 ndani ya nyumba tupu. Ukirudi ukafungua mlango, hewa ya nje itaingia kabla yako.